Muhuri unao, mama yake yuko wapi?

SWALI: Dada habari za kazi. Natafuta mtoto wa mbwa, German Shepherd, awe rafiki wa watoto nyumbani na usiku abweke mtu akisogelea geti, basi. Nimepata wawili. Wa kwanza ana makaratasi ya ukoo yana muhuri na bei yake karibu mara mbili, wa pili hana chochote ila mama yake nimeonyeshwa. Shemeji yangu anasema mbwa asiye na karatasi ni koko tu. Ni kweli?

JIBU: Shemeji mwambie ashushe presha kwanza. Koko ni mbwa asiyejulikana katokea wapi, huyo wako mama yake umemwona kwa macho yako sasa ukoko unatoka wapi?

Karatasi ya ukoo inakwambia baba ni fulani, mama fulani, babu na bibi fulani, kurudi vizazi vitatu mpaka vitano, inaishia hapo. Afya mara nyingi haimo. Hata American Kennel Club, klabu ya Marekani inayosajili mbwa, wako kwenye hii kazi toka 1884, wanasema wazi kabisa kuwa usajili wao si dhamana ya ubora wala afya ya mbwa. Na mara nyingi klabu inaandika kile mfugaji alichojaza kwenye fomu, hakuna mtu anayekuja bandani kuhesabu.

Mimi yalinikuta. Nilinunua mwenye cheti kizuri mpaka nikakitia fremu ukutani, kumbe ningekisoma badala ya kukitundika ningeona jina moja limekaa upande wa baba na upande wa mama, yaani babu ni yule yule. Mbwa kufika mwaka na nusu ngazi tatu tu zinamshinda, eksirei ikaonyesha nyonga hazijakaa kwenye vikombe vyake. Aina hii nyonga ndo ugonjwa wao na unarithiwa, kwa hiyo muulize kila muuzaji, wazazi walipigwa picha za nyonga? Majibu yako wapi? Ya mtoto usiulize, picha za maana anapigwa akishakua.

Cheti kina kazi yake lakini, sikatai. Ukitaka kumpeleka mashindanoni au kuzalisha na kuuza watoto waliosajiliwa, bila hicho huendi popote. Ila kihakiki, chukua namba ya usajili uiulize klabu yenyewe maana muhuri mtu anachonga tu, na kama ana chipu, kile kidude kidogo cha chini ya ngozi, zile tarakimu zake 15 daktari wa mifugo akizisoma na mashine lazima zifanane na za kwenye karatasi. Ukiambiwa lipa karatasi zinafuata, we ondoka. Halafu kuna wanaokupa kadi ya chanjo wanaiita "makaratasi", hiyo kadi ni lazima uipate ndio, ila haihusiani na ukoo hata kidogo.

Wewe unataka wa kubweka na kucheza na watoto. Hiyo bei ya ziada ningeilipa kama yule wa kwanza ana majibu ya nyonga za wazazi, kama ana muhuri tu hapana. Na wa pili usimchukue kwa huruma, awe amefika wiki nane, na hujaniambia huyo mama ulivyomkaribia alifanyaje, alikuja kukunusa au alijikunyata kwenye kona? Rudi umwangalie tena, hasa anavyoinuka akitoka kulala, ndo utoe hela.