Kibao cha zamani: tukipake, tukibadilishe au tukiache? Maswali yenu

Wiki jana niliandika kwamba vibao vya zamani kwenye sehemu zetu za utalii barabarani hapa Uganda vinang'olewa ovyo, basi maswali yakaja mengi. Nimechagua matano, mengine yalikuwa yanafanana.

Mzee wetu alikuwa na duka la vinyago Kayabwe, karibu na ikweta. Kibao chake cha bati kiliandikwa kwa mkono, sasa kina kutu na herufi nusu zimepotea. Wadogo zangu wanataka tuprinti stika Nasser Road, kule kwa wachapishaji wa Kampala, tumalize. Unaonaje, kaka?

Banange, msikitupe! Stika ya kawaida kwenye jua la ikweta haikai, wino mwekundu na wa njano ndio unakufa kwanza, ndiyo maana mabango ya kampeni yakikaa ukutani mtu anabaki na uso wa bluu bluu. Rangi ya mafuta ya fundi imeshavumilia miaka yote hiyo na bado mnagombana juu yake.

Kwanza piga picha, mbele na nyuma, weka rula pembeni ili saizi ijulikane. Kioshe kwa sponji na sabuni ya kawaida, usiguse brashi ya waya. Halafu usiku washa tochi ya simu uimulike kutoka ubavuni, sio mbele, utaona herufi zilizopotea zimeacha kamwinuko kwenye bati, zifuate kwa penseli juu ya karatasi inayoonyesha ng'ambo. Hapo ndipo upige msasa sehemu za kutu TU, paka praima nyekundu ya kuzuia kutu, na mfanye fundi ajazie palipopotea, asipake kibao chote upya maana akipaka chote hicho sio kibao cha mzee tena, ni kibao cha fundi. Mgongo pia upakwe, maji mengi yanaingilia nyuma. Na msasa uwe wa maji, mvae maski, watoto wakae mbali, rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi ndani, ni sumu.

Hao wadogo zako waambie hivi: pale Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, nyasi za paa zinabadilishwa kila baada ya muda, lakini kazi yenyewe ni ya watu wa ukoo wa Ngeye, na hata baada ya moto wa 2010 kazi ya kuezeka ilirudi kwao. Nyasi ni mpya, mkono ni uleule. Kwa hiyo mtafuteni fundi anayeandika kwa brashi, bado wapo.

Kuna mnara wa zege kwetu, kila tukiupaka rangi nyeupe inabanduka na nyufa zinaongezeka. Tununue rangi ya bei zaidi?

Hapana. Shida iko ndani. Nondo ikishika kutu inavimba, inapasua zege kutoka ndani, na nyinyi mnaziba ufa kwa rangi ya mafuta, maji yanakosa pa kutokea, kutu inazidi. Gonga kwa nyundo ndogo, panapolia utupu toboa mpaka uone chuma, safisha mpaka king'ae, paka dawa ya kutu, ziba kwa mota ya saruji, acha ikauke vizuri. Rangi iwe ya maji, ile ya ukuta wa nje inayopumua. Tabaka za zamani zilizolegea toeni zote kwanza, msipake juu ya uozo.

Naishi Njeru. Ule mnara wa Speke, yule mpelelezi Mwingereza, unamsifu kwamba aligundua chanzo cha Nile, na babu zetu walikuwa wanavua samaki hapohapo. Si tung'oe maandishi tuweke mapya?

Hasira naielewa dada, lakini mimi nasema using'oe. Speke alifika tarehe 28 Julai 1862, hilo ni kweli, na kwamba wakoloni waliliandika kwa majivuno yao hilo nalo ni historia, mjukuu wako anatakiwa alione. Ongezeni kibao cha pili pembeni, kikubwa kuliko cha kwanza ukitaka, kiseme watu wa huku waliuitaje mto na waliishije nao. Kingine ambacho hakuna anayekumbuka kuandika: maporomoko aliyoyaona Speke, akayapa jina la Ripon, hayapo tena, yalizama bwawa la Owen Falls lilipokamilika 1954. Mgeni anasimama anatafuta maporomoko kama mjinga! Hicho kibao ndicho kinahitajika haraka. Ile plaki ya zamani ioshwe kwa maji na kitambaa laini, majivu na ndimu hapana.

Kampuni imejitolea kutupakia rangi alama yetu bure ila wanataka logo yao iwe juu. Na ruhusa tunaomba wapi?

Logo iende kwenye kibao kidogo pembeni, mkataba uwe na mwaka wa kuitoa. Kwenye alama yenyewe, hata kidogo. Kuhusu ruhusa, kama sehemu imelindwa kisheria nendeni idara ya makumbusho na minara, iko chini ya wizara ya utalii, sheria yenyewe ni mpya ya 2023, ile ya 1967 imeondoka. Kama kibao kinasimama kwenye hifadhi ya barabara kuu, hilo sasa ni la wizara ya ujenzi na uchukuzi, maana UNRA, ile mamlaka ya barabara za taifa, ilivunjwa 2024. Na halmashauri yenu pia. Ndiyo, ni kuzunguka ofisi, lakini kibao kikiwekwa kinyemela greda itakuja kukisomba na hamna pa kulalamika.

Vibao vyetu vya chuma vinaibwa vinauzwa skrapu. Tufanyeje?

Acheni chuma. Mimina kibao cha zege, herufi zizamishwe humohumo, mwizi atabeba nini? Ikibidi iwe bati, basi fundi wa chuma wa Katwe, Kampala, achomee nati zote baada ya kukaza, na toboeni matundu machache katikati ya bati, mwonekano hauharibiki lakini hakuna atakayelitaka kwa kuezekea banda la kuku.