Msafara wa maparachichi kwenda Berlin: ulizia kwanza kama mtafika ghalani

Ndugu yangu, umeuliza kama mfanyabiashara wa hapa Dar es Salaam anayekusanya maparachichi ya Hass kutoka Njombe alipie nafasi katika msafara wa kibiashara unaokwenda kwenye Fruit Logistica, maonesho ya biashara ya matunda na mboga ya Berlin, mwezi Februari. Nimekwishasafiri na misafara ya namna hiyo, na jibu langu ni ndiyo, kwa sharti kwamba ratiba iwe na siku ya kutembelea ghala linalopokea matunda, mbali na kumbi za maonesho.

Kwenye banda la maonesho kila mnunuzi ni mkarimu: atapokea kadi yako, atalisifu tunda lako na kuahidi kuandika. Ghalani hakuna ahadi, kuna mzigo. Tulipopelekwa kwenye ghala moja karibu na Rotterdam, bandari ya Uholanzi inayopokea maparachichi mengi yanayoingia Ulaya, tulimkuta mkaguzi akifungua maboksi ya kilo 4 yaliyotoka kwenye kontena la ubaridi. Alichoma kipimajoto ndani ya tunda, akalipima uzito kuona kama linalingana na namba ya boksi (namba 18 maana yake ni matunda 18 ndani ya boksi), kisha akaligeuza na kuangalia mahali pa kikonyo. Tunda lililochumwa kwa kuvutwa hadi kikonyo kikang'oka lilikuwa limeanza kuoza hapo hapo, kwa sababu kuvu huingilia kwenye kidonda hicho na kupata wiki kadhaa za kuenea likiwa baharini; lililokatwa kwa mkasi na kuachiwa kikonyo kifupi lilikuwa zima. Mkulima wa Rungwe tuliyekuwa naye alilishika lile bovu kwa muda, akaomba ruhusa ya kulipiga picha, na jioni hiyo hiyo akawatumia wachumaji wake. Mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, na safari ikawa ndefu zaidi; safari ikirefuka hivyo, kasoro ndogo ya shambani hupata muda mrefu zaidi wa kukua.

Jambo la pili ni namna ya kuuziana, na hapa naomba uwe makini sana. Wanunuzi wengi watapendekeza mali kauli: wewe unapeleka kontena, wao wanauza, wanakata kamisheni na gharama zao, halafu wanakutumia hesabu. Soko likishuka, au mzigo ukikataliwa, hasara yote inabaki kwako, nawe uko mbali na huwezi hata kuuona mzigo wenyewe. Kwa maoni yangu, mwenye mtaji mdogo asikubali bila bei ya chini iliyoandikwa kwenye mkataba, pamoja na haki ya kuleta mkaguzi huru mzigo unapofunguliwa. Ujue pia kwamba swali la kwanza utakaloulizwa ni la kiasi. Kontena moja la futi 40 hubeba zaidi ya tani 20, na mnunuzi anataka kujua utaleta makontena mangapi kwa msimu na katika wiki zipi. Kaa na wakulima wako mpate jibu hilo kabla hujaondoka.

Sampuli nazo zina utaratibu wake. Tangu tarehe 14 Desemba 2019, Umoja wa Ulaya unadai cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda bichi, hata lililo kwenye begi la abiria. Yaliyosamehewa ni machache, kama nanasi, nazi, ndizi na tende. Parachichi halimo, kwa hiyo nenda mapema TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Viza ya Schengen, yaani ya kuingia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, inahitaji bima ya safari yenye kinga ya angalau yuro 30,000, na maombi yawasilishwe siku 15 au zaidi kabla ya safari, ingawa mimi nisingesubiri hadi hapo.

Kabla ya kulipa, mwombe mratibu ratiba iliyoandikwa, yenye majina ya maghala na ya wanunuzi waliokwisha kuthibitisha kukutana nanyi. Akikupa ratiba ya kumbi na matembezi ya mjini pekee, usilipe. Fedha hiyo inunue mikasi na kreti za kuchumia Njombe, kisha usubiri msafara mwingine.