Mlangamia: kabla hujauchuma, tazama umelalia mti gani

Mdau ameuliza kama zile nyuzi za njano zinazotanda juu ya vichaka vya ufukweni ni dawa ya nywele kweli, na kama anaweza kuziotesha uani kwake. Nimekulia Kigombe, njia ya Pangani, najibu kwa niliyoyaona.

Kwetu ni mlangamia. Bibi alikuwa akinituma asubuhi nirudi na konzi mbili. Anautwanga kinuni, anaukamua kwenye maji ya uvuguvugu mpaka yavute mlenda kama bamia, kisha anatuosha vichwa. Nywele zinalainika, chanuo linapita bila kilio. Kurefuka? Za dada yangu zilirefuka, zangu zikabaki vipilipili vilevile, na maji yalikuwa ya beseni moja.

Siku moja nikaona uvivu kwenda ufukweni, nikauchuma kwenye ua wa minyaa. Bibi akauliza nimeutoa wapi. Nilipomwambia, akaumwaga wote jalalani. Sababu ni hii: mbegu ya mlangamia huota mchangani, uzi ukatafuta mti, ukiupata unatoa vifyonzi vidogo vinavyozama ndani ya gome, na mzizi wa chini unakufa. Tangu hapo unakula cha mwenyeji wake. Sasa mwenyeji akiwa mnyaa, ambao utomvu wake ukiingia jichoni utalala unalia, umpake mtoto kichwani?

Wapo wanaouchemsha wakanywa ili mkojo utoke. Hapo mimi simo. Una alkaloidi (kemikali kali za mimea) zake wenyewe, juu yake uweke ulichofyonza kutoka kwenye mti usioujua. Mjamzito ndiyo kabisa asijaribu.

Halafu kuna unaofanana nao, Cuscuta, wa ukoo wa viazi vitamu. Wa kwetu ni Cassytha filiformis, ukoo mmoja na mparachichi na mdalasini (nami nilibisha nilipoambiwa). Tazama tunda: la mlangamia ni nyamanyama, dogo, la mviringo, mbegu moja tu.

Kuhusu kuuotesha uani, ujinga huo nimeshaufanya. Nilitupia konzi moja juu ya michongoma. Masika yalipokwisha ulikuwa umeshavuka hadi kwenye mlimau wa jirani. Ukivuta nyuzi, kipande kilichong'ata tawi kinabaki na kuchipua upya. Ikabidi tukate matawi yenyewe tuyachome. Mlimau ukabaki kama umenyolewa, na mama wa watu alininunia mpaka Ramadhani, ndipo akanitumia kibakuli cha futari, bila ndimu.