Mnaoanza shamba wakati wa joto kali, pangeni siku yenu mapema

Wiki hii nimemkuta mgeni mwingine wa kazi amesimama katikati ya matuta saa 7 mchana, mpira wa maji mkononi, uso umemwiva, ananyweshea nyanya kwa kuwa "majani yamelala." Kila msimu wa joto naliona hilohilo. Wadogo zangu, nawapenda kwa huruma yenu, ila huruma ya saa 7 mchana inaua mimea, inaua mifugo, na ipo siku itamuua mmoja wenu. Kukamua mnajua, kulisha mnajua. Kinachowashinda ni saa. Joto kali hupangiwa alfajiri na kumalizwa usiku; ukishawaona mifugo wanateseka mchana, umebaki na machache sana ya kufanya.

1. Majani kulala mchana si lazima iwe kiu. Jua la utosi hunyonya maji kwenye majani haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta, hivyo mmea hunywea hata udongo ukiwa na maji ya kutosha. Chomeka kidole ardhini. Rudi jioni: ukiukuta umesimama wenyewe, uache. Ukiamka alfajiri bado umelala, hapo kweli una kiu. Anayemwaga maji kila anapoona majani yamelegea huinyima mizizi hewa, ikaoza, majani yakalala zaidi, naye akaongeza maji.

Mpira uliolala juani, toa kwanza maji yaliyomo mpaka yaje ya baridi, maana yale ya mwanzo yanaunguza mche. Weka matandazo, yaani nyasi kavu za kufunika udongo. Na maua ya nyanya yakipukutika, msikimbilie mbolea: mchana ukipita nyuzi 35 na usiku usipopoa, chavua inashindwa kazi, na hakuna mfuko wa mbolea utakaoirekebisha.

2. Kuku. Hapa nitakaa kidogo.

Kuku hatoi jasho. Anajipoza kwa kutweta na kwa kuachanisha mabawa na mwili ili upepo upite. Tulikuwa na kijana mmoja, mchapakazi hasa, ambaye mwenyewe hutuomba tuwasimulie wapya kisa chake ili wasikirudie. Alikuwa na kuku wa nyama waliobakiza siku chache wauzwe. Saa 8 mchana akaingia bandani, akakuta midomo wazi banda zima. Akadhani wamelegea kwa njaa, akajaza vihori. Jua lilikuwa linapenya upande mmoja, akashusha turubai mpaka chini. Kisha akaanza kumwagia maranda maji, ndoo baada ya ndoo, ili sakafu ipoe. Na kila baada ya muda mfupi anaingia tena kuwatazama, nao wanamkimbia na kurundikana ukutani.

Angalieni vizuri: hakuna hata jambo moja alilofanya kwa uzembe. Lakini chakula kikisagwa tumboni huzalisha joto, naye alikuwa anawaongezea moto wa ndani saa ambayo wa nje umefika kileleni. Turubai lilizuia jua, likazuia na upepo. Maranda yaliyolowa yalijaza banda mvuke, na kuku anayetweta hupoa kwa kupoteza unyevu kwenye pumzi. Hewa ikishajaa unyevu, kutweta kunamchosha tu. Kurundikana kukamalizia.

Walianza kuanguka saa 10, na waliotangulia ni wale wakubwa, waliokula vizuri kuliko wenzao. Aliwabeba mmoja mmoja hadi kivulini. Mmoja alimshika kwa muda mrefu: kilemba kimegeuka rangi ya zambarau, miguu imenyooka, kifua bado cha moto kiganjani ingawa pumzi imeshakatika. Akapapasa kifuko cha chakula chini ya shingo, akakikuta kigumu, kimejaa kile alichokimimina yeye mchana ule. Hakulia mbele yetu. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka giza likaingia, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Basi fanyeni hivi. Ondoeni chakula asubuhi kabla joto halijapanda, mkirudishe jua likishazama. Ongezeni vyombo vya maji, vikae kivulini, maji yabadilishwe yakipata uvuguvugu. Kivuli kiwekwe nje ya banda ili upepo ubaki. Kama ni kumwaga maji, mwagieni paa. Na mchana waacheni watulie. Kwa wenye kuku wa mayai: maganda ya mayai kuwa membamba msimu huu hakumaanishi kwamba muuza chakula amewaibia. Kutweta hutoa kaboni daioksaidi nyingi, damu inabadilika, na chokaa inayofika kwenye ganda inapungua.

3. Ng'ombe, hesabu pumzi. Tazama ubavu unavyopanda na kushuka kwa dakika nzima. Ikizidi 60, anaelemewa. Ikizidi 80 hali ni mbaya. Akiachama na kutoa ulimi, acha kila kitu, mmwagie maji mwilini na umweke penye upepo. Anayekamuliwa anaweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa siku, kwa hiyo msimpimie kwa ndoo. Malisho mengi apewe usiku. Maziwa hushuka siku moja au mbili baada ya joto lenyewe, ndiyo maana nawaona mnahangaika kubadilisha chakula Alhamisi kwa jambo lililotokea Jumanne.

4. Nguruwe mwachieni tope lake. Hana jasho la kumfaa, tope ndilo jasho lake.

5. Sasa ninyi wenyewe. Mwili huzoea joto kwa wiki moja hadi mbili, na wanaoanguka zaidi ni wa siku za kwanza. Siku ya kwanza fanya sehemu moja ya tano ya kazi, kisha ongeza kidogokidogo. Kikombe cha maji kila dakika 15 hadi 20, kiu isingojewe. Mwenzako akianza kuyumba au kusema maneno yasiyoeleweka, usidanganywe na jasho linalomtoka ukadhani yuko salama. Ita msaada, mweke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji baridi mwili mzima na umpepee. Kama hajitambui vizuri, usimnyweshe chochote.

Na wazee. Shamba la familia halikosi mzee ambaye ameshinda juani maisha yake yote na hataki kuambiwa apumzike. Mwili wake sasa hausikii kiu upesi wala haupoi upesi kama zamani. Kumwambia "keti, Baba" ni kumfukuza arudi shambani. Mpelekee kazi kivulini kabla ya saa 4 asubuhi: majembe ya kunoa, mbegu za kuchambua, kamba za kusuka. Weka jagi la maji karibu naye, na pita mara kwa mara kumuuliza jambo la kweli la shamba, kisha unywe pamoja naye.