Maswali ya Wasomaji: Wawili Mwanza, Ijumaa Hadi Jumapili

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tunaishi Geita na tuna miaka saba ya ndoa. Tangu tupate watoto hatujawahi kusafiri wawili peke yetu, na sasa mama mkwe amekubali kubaki nao kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Tunataka kwenda Mwanza tulale mahali pazuri, tununue vitenge na vitu vya nyumbani, na jioni tukae mahali penye samaki, kinywaji na muziki usiopasua masikio. Tumeweka kando shilingi 450,000. Mume wangu anataka tulale ufukweni Ilemela, lakini mimi naona tutakuwa mbali na maduka. Tunaomba ushauri. – M.K., Geita

JIBU: Dada M.K., hongereni kwa uamuzi huo, na mama mkwe apewe shukrani zake, maana bila yeye safari hii isingekuwapo. Jambo mnalobishania ndilo linalopaswa kutangulia mengine yote. Wengi hupanga kwanza watakula wapi na watanunua nini, kisha chumba kinatafutwa jioni, mizigo ikiwa mikononi, na wanajikuta wamelala popote palipobaki. Nawashauri mwanze na chumba, kwa kuwa mahali pa kulala ndipo panapoamua jioni yenu itaishia wapi, mtarudi saa ngapi na kwa usafiri gani, na vitu mtakavyonunua asubuhi vitawekwa wapi kabla jua halijawa kali.

Ufukwe wa Ilemela, upande wa uwanja wa ndege, ni mzuri kweli. Hoteli kama Malaika na Tunza zimejengwa ukingoni kabisa mwa maji, na mtu aliyekuja kupumzika tu hana sababu ya kutoka huko. Ninyi mna manunuzi, na kwenda mjini na kurudi mara mbili kwa siku kutawapotezea muda na fedha. Katikati ya jiji mtakuwa karibu na kila kitu, ingawa vyumba vinavyotazama barabara kubwa huwa na kelele tangu alfajiri. Capri Point, ile rasi yenye kilima inayoingia ziwani, ina utulivu na mandhari ya maji, nako ni mwendo mfupi kwa bajaji kutoka sokoni. Kwa maoni yangu tafuteni chumba huko, au katikati ya jiji upande unaoelekea huko, na mkilale usiku wote miwili bila kuhama. Ufukwe anaoutamani mume wako mtaufuata Jumamosi jioni kama wageni wa kula na kunywa, kwa hiyo hatakuwa amenyimwa.

Pigeni simu siku kadhaa kabla na mwulize mambo yanayosahaulika. Je, kifungua kinywa kimo katika bei, na ni cha watu wawili? Zipo nyumba zinazotoa chai ya mtu mmoja kwa chumba, na mwenzako akikaa mezani anaandikiwa bili yake peke yake. Je, chini ya chumba au jirani yake kuna baa, na muziki huzimwa saa ngapi? Je, umeme ukikatika kuna jenereta, na maji yanatoka usiku kucha? Chandarua ni lazima, kwa maana kando ya ziwa mbu hawana likizo. Kila mmoja abebe kitambulisho, kwani mtaandikishwa katika kitabu cha wageni. Ulizeni pia kama wiki hiyo kuna mahafali ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kule Malimbe, au mechi kubwa Kirumba, kwa sababu nyakati hizo vyumba vizuri hujaa mapema.

Kuhusu fedha, tengeni 150,000 kwa usiku miwili, 60,000 kwa nauli na bajaji, 140,000 kwa kula, kunywa na matembezi, 80,000 kwa manunuzi, na 20,000 iliyobaki isiguswe mpaka mfike nyumbani. Kiwango hicho cha malazi hakitawapa hoteli ya ufukweni, lakini kinatosha chumba safi cha watu wawili. Fungu la manunuzi likae katika pochi yake, na likiisha liwe limeisha.

Safari yenyewe imekuwa nyepesi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, hamna haja ya kukadiria foleni ya kivuko, hivyo mkiondoka Geita Ijumaa baada ya chakula cha mchana mtafika stendi ya mabasi ya Nyegezi jua likiwa bado juu. Ijumaa hiyo msiwe na ratiba ndefu. Oga, badilisha nguo, teremkeni hadi kando ya maji karibu na Mwamba wa Bismarck, mkalitazame jua, ambalo Mwanza huzama karibu na saa 1 usiku, kisha mle mahali pa karibu na mlipolala.

Jumamosi asubuhi ndiyo ya maduka. Anzeni Makoroboi na mitaa inayozunguka Soko Kuu kabla ya saa 4, wakati wauzaji wana subira ya kukufungulia vitambaa. Kitenge ukikunjue chote na ukigeuze. Kizuri kimekolea rangi pande zote mbili, na kile kilichofifia upande wa ndani hakitavumilia kufuliwa mara nyingi. Hesabu pia yadi mbele ya muuzaji, maana kipande cha yadi 6 kilichopungua yadi moja kitamshinda fundi wako. Kwa mitumba iliyochambuliwa vizuri nendeni Mlango Mmoja, na kwa vitu vya bei isiyo na mjadala kuna Rock City Mall, ambayo pia ina kivuli cha kupumzikia mchana. Bebeni kikapu au mfuko wa kitambaa, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Rudisheni mizigo chumbani, mlale kidogo, kisha jioni mwende Ilemela. Mkifika agizeni samaki kwanza kabla ya kinywaji, kwa sababu sato wa kuchoma akiandaliwa ipasavyo huchukua muda, na mtu mwenye njaa hunywa haraka kuliko alivyokusudia. Omba kuonyeshwa samaki mwenyewe akiwa mbichi: jicho liwe angavu na limejaa, matamvua yawe mekundu, na ukimbonyeza kwa kidole nyama irudi mahali pake. Hapo ndipo mkubaliane bei, akiwa bado hajafika jikoni. Anayekunywa bia atakuta Balimi, ambayo watu wa Kanda ya Ziwa wameizoea kwa miaka mingi. Meza ichagueni mbali na spika, upande wa maji. Kama mnaweza kuchagua tarehe, chagueni siku za giza, mwezi usipokuwapo, maana ndizo siku wavuvi wa dagaa wanazotoka na taa zao. Usiku huo ziwa lote mbele yenu huwa limetapakaa taa kama mji mwingine. Mbalamwezi ikiwa kubwa hutaona kitu, kwa kuwa dagaa hawazifuati taa na mitumbwi mingi hupumzika.

Kurudi, pandeni bajaji mliyopatana nayo mapema au teksi ya mtu anayefahamika hapo hotelini. Kupanda mshikaki, yaani abiria wawili kwenye bodaboda moja, usiku, baada ya vinywaji, ni jambo ninalowasihi msilifanye hata kama ni rahisi.

Jumapili asubuhi, ikiwa mmelala Capri Point, Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane iko mbele ya macho yenu. Ilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na eneo lake lote pamoja na maji ni kilomita za mraba 2.18 tu, ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini. Nendeni mapema, maji yakiwa yametulia, kwa sababu mchana upepo wa ziwani huongezeka. Vaeni jaketi okozi hata kama safari ni ya dakika chache. Juu ya miamba mtawakuta pimbi wakiota jua, na pembeni yao mjusi dume mwenye kichwa na mabega mekundu na kiwiliwili cha buluu, amesimama anapandisha na kushusha kichwa. Sijui wawili gani wanaoweza kupita hapo bila kusimama.

SWALI: Mke wangu hanywi pombe na hapendi kelele, lakini mimi napenda kutazama mpira baa. Tutakuwa Mwanza mwisho wa juma. Nimwache hotelini kwa saa mbili? – Msomaji, Musoma

JIBU: Kaka, usimwache. Mke aliyesafiri zaidi ya kilomita 200 kuja kukaa chumbani akitazama dari hatasahau. Zipo baa nyingi za bustani zenye jiko zuri, ambako nusu ya waliokaa wanakunywa soda na wanakula. Kaeni pembeni, yeye achague chakula, na mechi ikiisha mwondoke mara moja kwenda anakotaka yeye. Au mwulize kama angependa kwenda uwanjani. Pamba Jiji, timu ya Mwanza, ilirejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25, na CCM Kirumba ikiwa na mechi kuna familia nyingi jukwaani. Simba au Yanga wakiwa wageni, weka chumba mapema sana na usiende na gari eneo la Kirumba.

SWALI: Je, tunaweza kuoga ziwani? Na tukirudi tubebe samaki gani? – Dada wa Shinyanga

JIBU: Dada, ogeleeni kwenye bwawa la hoteli. Ziwa Victoria lina kichocho, na vijidudu vyake, vinavyotoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi mtu akisimama tu kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye majani na matete. Kama mlishaingia majini, siku za mbele nendeni kituo cha afya mkapimwe, kwani dawa yake, prazikwanteli, ipo na inatibu.

Samaki wanunuliwe mwisho, asubuhi ya kuondoka. Sato mbichi atolewe matumbo na apangwe na barafu kwenye boksi lisilovuja, na asiwe chini ya sentimita 25, kwa kuwa huyo sheria hairuhusu avuliwe. Kwa safari ya basi, hata hivyo, mimi ningewabebesha dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Chukua kiganja kimoja, uwasugue taratibu, kisha wamwage na utazame kilichobaki mkononi: walioanikwa mchangani huacha punje, na walioanikwa kwenye vichanja huacha magamba machache ya fedha. Nunua hao wa pili, hata bei ikiwa juu kidogo.