Barua kwa mwanangu: mnara upi warudishe?

Mwanangu mpenzi,

Wa alaykum salaam. Picha zako tatu nimezipata. Katika ya kwanza mnara umesimama peke yake pwani, mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani hapa Unguja. Katika ya pili umeshikana na jumba lenyewe. Ya tatu umepiga wewe ulipokuja likizo, na mnara haupo. Unauliza, wakijenga upya, warudishe ipi? Ipi ndiyo ya asili?

Zote ni za kweli. Sultani Seyyid Barghash alilijenga jumba mwaka 1883, na mnara wa taa ukawa mbele yake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zikapiga mizinga. Vita havikufika hata saa moja, lakini jumba jingine, Beit al-Hukm, lililokuwa ubavuni likaangamia na mnara wa taa ukaharibika vibaya. Katika matengenezo ya baada ya vita ndipo mnara mpya wa saa ukaunganishwa na jumba. Yaani mnara tuliozaliwa tukaukuta, tukaapa kwamba ndiyo sura ya Unguja, ni kiraka cha vita! Jumba likaja kuwa ofisi za Waingereza, baada ya Mapinduzi likawa skuli ya chama tawala, halafu makumbusho. Mwaka 2012 sehemu yake ikaanguka, milango ikafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, upande wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakafariki.

Sasa geuza macho hapo jirani, Ngome Kongwe. Waomani waliijenga baada ya kumfukuza Mreno, pahala palipokuwa na kanisa lake. Imekuwa jela, imekuwa karakana ya reli ya Bububu, imekuwa klabu ya wanawake, leo watu wanatazama ngoma na filamu humo ndani. Imebadilishwa mara nyingi, na bado imesimama. Mimi naona kinachoua majengo yetu ni kufungwa, si kubadilishwa. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Akikaa mtu, bomba la paa likivuja ataliona siku hiyo hiyo. Asipokuwepo, maji yanashuka ukutani msimu baada ya msimu, boriti inaoza pale inapoingia ukutani, na dari inakuja chini. Na wanaokimbilia saruji ndio wabaya zaidi: inaufungia unyevu ndani. Ukiugonga ukuta wa namna hiyo kwa kifundo cha kidole, unasikia ndani kutupu, chokaa imeshakuwa unga.

Lakini usidhani kila badiliko nalisifu. Mkunazini, humo humo Mji Mkongwe, palikuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, na Askofu Steere wa Anglikana akajenga kanisa juu yake. Kanisa zuri, sikatai. Ila kwa miaka mingi mtu aliweza kupita pale akaona kanisa tu. Zile sanamu tano za watumwa shimoni, na minyororo shingoni, zilikuja 1998.

Kwa hiyo wangeniuliza mimi, ningesema warudishe mnara wa saa, kwa kuwa ndio ambao watu walikuwa wakiutazama kila siku, na waandike ukutani wazi kwamba mizinga ndiyo iliyouleta. Halafu jumba lipewe kazi ya wenyeji, maktaba kwa mfano, lisingoje wageni wenye tiketi tu.

Dada yako nilimsomea barua hii, akacheka. Anasema fedha za mnara kwanza ziende kwenye nyumba za vichochoroni, ambako watu wanalala chini ya dari zilizotegemezwa kwa magogo. Nimejaribu kumjibu tangu jana, na bado sijapata la kumwambia.

Baba yako