Muulize Shangazi: "Mama, hayo ni mambo ya bibi"

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kimara hapa Dar, Mlutheri wa kuzaliwa, bibi yangu kule Machame ndo alinilea na kila jioni ilikuwa lazima tuimbe na kusali kabla ya kulala. Sasa mwanangu wa kwanza ana miaka 14, yuko mwaka wa pili wa kipaimara, yale mafundisho ya kumwandaa abarikiwe kanisani, na katekisimo, kile kitabu cha maswali na majibu ya imani, anaimwaga yote kwa kichwa hadi mwalimu anamsifia. Jumapili iliyopita namwamsha twende ibada ya kwanza akanijibu, "Mama mimi nikishabarikiwa sirudi tena, hayo ni mambo ya bibi." Shangazi niliishiwa nguvu. Baba yake haendi kanisani, yeye ni Jumapili na mpira. Nimtishe kwamba simfanyii sherehe? Maana suti na ukumbi nishaanza kulipia.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza usimtishe, mtoto ukimtishia sherehe atakuja kanisani kwa ajili ya keki, na keki ikiisha na yeye kaisha.

Halafu nikuchekeshe kidogo. Wamisionari wa Leipzig, Wajerumani wale, walifika huko kwenu Machame mwaka 1893, na nahisi kijana wa kwanza aliyewafuata alirudi nyumbani akaambiwa hayo ni mambo ya wazungu. Leo miaka zaidi ya 130 imepita, mjukuu wa wajukuu anasema ni mambo ya bibi. Kwa hiyo wewe sio wa kwanza na mwanao hajawa mpagani, ila kakwambia kitu cha kweli na ungekisikiliza vizuri: imani ameiona kwa bibi, ya kwako hajaiona bado. Usinune, nakwambia kama mwanangu.

Hiyo katekisimo ndogo anayoimwaga, unajua Martin Luther, yule aliyeanzisha Ulutheri wetu, aliiandika kwa ajili ya nani? Mwaka 1528 alizunguka sharika za kule Saxony, Ujerumani, akakuta watu hawajui hata Sala ya Bwana, wachungaji wengine wenyewe hola, akarudi amechoka kweli, mwaka 1529 akatoa kale ka-kitabu, na juu ya kila sehemu akaweka maneno kwamba hivi ndivyo mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Nyumbani! Lile swali la "Maana yake ni nini?" lilikuwa la kuulizana nyumbani, wazazi na watoto, sisi tumelichukua tukamtupia mwinjilisti Jumamosi saa nne, watoto 60 kwenye benchi, halafu tunashangaa dogo anajua majibu yote ila swali halijawahi kuwa lake.

Mimi baba yangu alikuwa fundi cherehani, na kusoma kwenyewe alikuwa anasoma kwa kuungaunga. Lakini akigombana na mama, jioni ile sala ilikuwa haianzi. Anakaa pale na Biblia imefungwa mapajani, taa ya chemli inafuka, sisi tunasinzia, mama anakunja nguo kwa hasira, kimyaaa, mpaka mzee akohoe aseme "mama fulani, nimekosea." Ndo kitabu kinafunguliwa. Mahubiri niliyosikia utotoni nimeyasahau karibu yote, ila ule ukohozi ninao mpaka leo.

Kwa hiyo anza na wewe. Mwambie kwa nini unaenda, sio kwa nini yeye aende, mwambie na ile siku ulipokata tamaa ukawa huwezi hata kusali, maana ipo, kila mtu anayo. Sio lazima umkalishe kikao, Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inasema uyanene ukiwa umeketi nyumbani na ukiwa unatembea njiani, na nyie wa Kimara foleni ya Morogoro Road mnayo ya kutosha. Akiuliza swali gumu, mfano kwa nini Mungu aliacha mtu fulani afe, usimkatishe na "usiulize hivyo", sema sijui mwanangu, hata mimi hilo linanisumbua. Na bibi kama yupo hai mpigie simu, mpe dogo aongee naye mwenyewe, amuulize yeye aliamini lini na ilikuwaje, utashangaa bibi ana stori ambazo hata wewe hujawahi kuzisikia kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Baba yake muache na mpira wake, usimseme mbele ya watoto. Timotheo wa kwenye Biblia baba yake alikuwa Mgiriki, na Paulo anapoitaja imani ya kijana yule anawataja bibi Loisi na mama Eunike, basi. Ila mwombe mzee jambo moja tu, siku ya kubarikiwa akae benchi la mbele na nyie, hiyo wanaume wengi hawakatai, wanapenda kupigwa picha.

Na kama siku hiyo ikifika dogo bado anasema hajawa tayari, nenda naye kwa mchungaji waongee wawili, wewe subiri nje. Kuahirisha mwaka mmoja sio aibu, aibu ni kumlazimisha aseme "ndiyo" mbele ya madhabahu akijua anadanganya. Ukumbi ongea na mwenyewe mapema akusogezee tarehe, na suti mwambie fundi aache kitambaa cha kutosha kwenye pindo, umri huo wanarefuka hao mpaka unaogopa.